Mgongo Haukohoi

Bibi yangu ana karatasi moja anayoitunza ndani ya Biblia yake. Ni kipande cha daftari la mistari kilichokunjwa mara nne. Juu yake mtabibu wa zahanati aliandika jina la mjomba wangu, tarehe, na herufi tatu kubwa: UTI. Bibi alisoma hadi darasa la nne. Kiswahili anakisoma bila shida, Kiingereza hakijui. Siku ile alipoifungua karatasi alishusha pumzi. "Si mnaona," akawaambia waliokuwa jikoni, "daktari kaandika uti. Wameshajua kwamba ni mgongo."

Hawakuwa wamejua. Mtabibu alimaanisha ile yutiai ambayo karibu kila Mtanzania amewahi kuambiwa anayo, maambukizi ya njia ya mkojo, ndugu wa malaria na taifodi. Mjomba akapewa vidonge vya siku saba na sindano ya maumivu, akarudi nyumbani. Kwa hiyo kwa miezi mingi mtu pekee pale Uchindile aliyekuwa na jibu sahihi kuhusu mwili wa mjomba alikuwa bibi, na jibu hilo alilipata kwa kusoma vibaya.

Nimewasimulia marafiki zangu chuoni kisa hiki mara nyingi, nao hucheka. Naandika kwa sababu nimechoka kuchekesha. Mjomba alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Siku alipoanza tiba ya kweli, pingili mbili za mgongo wake zilikuwa zimeshasagika na miguu haimtii tena. Kila niliyemwuliza kwa nini ilichukua karibu mwaka mzima amenijibu kwa neno lile lile: ugonjwa huu ni nadra. Ugomvi wangu ni na neno hilo.

Kwa asiyepajua, Uchindile ni kata ya Halmashauri ya Mlimba, mkoani Morogoro, pale ambapo tambarare ya Kilombero inakwisha na reli ya TAZARA inaanza kupanda milima kuelekea Makambako. Kipande hicho chenye mahandaki na madaraja mengi kiliwatoa jasho wajenzi kabla reli haijafunguliwa mwaka 1976, na mpaka leo reli ndiyo mlango wetu mkuu. Chini Mlimba ni joto na mpunga. Huku juu ni ukungu, mahindi, maharage na mashamba ya miti. Mjomba alikuwa mbeba mbao. Sasa mbeba mbao akisema anaumwa mgongo, nani atashangaa?

Lakini maumivu yake hayakuwa ya mbao. Maumivu ya kazi hupungua ukilala; yake yalizidi usiku. Alikuwa akiamka shuka limelowa jasho, tena katika baridi ile ya Uchindile. Alipungua mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa mseto hata hivyo. Ikafuata taifodi, ikafuata UTI. Kikohozi hakuwa nacho hata kidogo, na hilo, nitaeleza, ndilo lililomponza.

Mimi wakati huo nilikuwa Dar es Salaam nikisoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Mjomba alinipigia. "Mpwa wangu, wewe ndiye daktari wetu." Nilimjibu kwamba mimi si daktari, kisha nikafanya kama daktari: nikamtumia shilingi elfu ishirini kwenye simu, nikamwambia anunue diklofenaki na asibebe vizito kwa wiki mbili. Sikumwuliza swali lolote. Kwa hiyo yote nitakayosema humu juu ya mtabibu yule nayasema kwanza juu yangu mwenyewe.

Wiki chache baadaye, darasani, mhadhiri wetu alifika kwenye maambukizi ya bakteria katika uti wa mgongo. Ilikuwa slaidi moja. "Haya ni nadra, tusipoteze muda," akasema, akabonyeza kitufe. Nami kama mwanafunzi mwema nikaandika kwenye daftari: nadra.

Nadra ni neno la hesabu. Ili useme kitu ni nadra inabidi uwe umekihesabu, na huwezi kuhesabu usichokitafuta. Tazama basi tunavyotafuta. Tumewafundisha watu kwamba kikohozi kikizidi wiki mbili waende kupima. Ujumbe huo ni mzuri na umeokoa wengi. Mashine ya GeneXpert, fahari ya maabara zetu, kazi yake kubwa ni makohozi. Hapo Morogoro mjini, Chuo Kikuu cha Sokoine, wapo panya buku waliofunzwa kunusa kifua kikuu, wananusa makohozi. Hata jina tulilompa mgonjwa huyu linamfunga kwenye mbavu: kifua kikuu. Mtu mwenye bakteria yule yule mgongoni, asiyekohoa, hana mahali pa kuingilia katika mpango huu. Mgongo haukohoi.

Na akipatikana kwa bahati, anaandikwaje? Katika ripoti kubwa za kimataifa wagonjwa wa kifua kikuu hugawanywa mafungu mawili: wa mapafu, na wa nje ya mapafu. Ndani ya fungu la pili wamo wenye tezi shingoni, wenye maji kifuani, watoto wenye ugonjwa kwenye utando wa ubongo, na akina mjomba. "Nje ya mapafu" naisikia kama "nje ya mji": si jina la mahali, ni namna ya kusema kwamba hatukufika huko. Madaktari wa mifupa wameshajua kwa muda mrefu kwamba kifua kikuu kikiingia kwenye mifupa na viungo, karibu nusu ya mara hizo huchagua uti wa mgongo. Na Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ukiwa na mto uliojaa hivyo, huwezi kusema kijito chake ni nadra kwa sababu tu hujawahi kwenda kukitazama.

Tumeshawahi kuaibishwa na tabia hii. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa wameambiwa wana malaria. Vipimo vilipofanywa kwa umakini, waliokuwa na malaria kweli hawakufika asilimia 2. Wengine walikuwa na magonjwa ambayo hayakuwamo kabisa kichwani mwa waliowapokea, na mojawapo lilikuwa bruselosisi, ule ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, unaomfikia binadamu kwa maziwa mabichi na kwa kugusa uzazi wa ng'ombe au mbuzi. Ugonjwa huo nao hupenda mgongo. Katika Bonde la Kilombero, ambako wafugaji wameshuka na ng'ombe na maziwa yasiyochemshwa yanauzwa kwa lita barabarani, ni nani anayewauliza watu wenye homa na mgongo juu ya maziwa?

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, maana hasira bila maelezo ni kelele tu. Bakteria wa kifua kikuu huingia kwa pumzi, kisha wachache husafiri kwa damu na kutua kwenye sehemu ya mbele ya pingili, mara nyingi kuanzia katikati ya mgongo kushuka hadi kiunoni. Hapo hula taratibu. Mfupa unalegea, diski iliyo kati ya pingili inaporomoka, uzito wa mwili unaisukuma pingili ikunjike kwa mbele, na nyuma kinachomoza kibyongo. Usaha unaotoka huitwa jipu baridi, kwa kuwa hauna moto wa jipu la kawaida. Unaweza kuteremka kimya kando ya mgongo na kutokea kwenye kinena kama uvimbe usiouma. Usaha huo, au mfupa uliovunjika, ukiibana neva kuu inayopita ndani ya pingili, miguu inaanza kufa ganzi. Eksirei ya kawaida huweza isionyeshe kitu mpaka sehemu kubwa ya mfupa iwe imeshaliwa. Ndiyo maana picha safi si ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani.

Si ugonjwa mpya. Maiti zilizokaushwa za Misri ya kale zina alama zake. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza mwaka 1779, miaka zaidi ya 100 kabla Robert Koch hajamtangaza bakteria wake mwaka 1882. Pott hakuwa na eksirei wala maabara. Alikuwa na macho na mikono, na wagonjwa waliovua nguo mbele yake.

Ndugu zake ni wawili. Mmoja ni maambukizi ya usaha mkali, mara nyingi ya stafilokokasi, yanayotokea kwenye jipu la ngozi, kidonda au sindano chafu na kufika mgongoni kwa damu. Huyu huja kwa kasi na homa kali. Wenye selimundu wanaweza kuupata kutokana na salmonela. Wa pili ni bruselosisi niliyoitaja, mwenye homa inayokuja na kuondoka. Wote watatu wanaweza kufanana mlangoni, lakini dawa zao hazifanani. Usaha wa kawaida unataka antibiotiki sahihi kwa wiki kadhaa. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha kwamba kwa walio wengi wiki 6 zinafaa sawa na wiki 12. Bruselosisi ya mgongo inataka mchanganyiko wa dawa kama doksisiklini na nyingine, mara nyingi kwa miezi mitatu au zaidi. Kifua kikuu cha mgongo kinataka miezi 9 hadi 12. Kwa hiyo anayebahatisha antibiotiki za siku saba hafanyi jambo dogo lisilo na madhara. Anaweza kumficha bakteria maabara ikashindwa kumwotesha, na anamlia mgonjwa muda ambao mgongo wake hauna.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu sehemu ya tiba ilishatatuliwa, tena hapa hapa kwetu. Zamani mgonjwa wa namna hii alilazwa ndani ya plasta kwa miezi, hata miaka. Katika miaka ya 1960 na 1970, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifanya majaribio Masan na Pusan huko Korea, Hong Kong, na Bulawayo, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Walichokiona ni kwamba wagonjwa wengi walipona kwa vidonge huku wakitembea, na kulazwa kitandani au kufungwa plasta hakukuwaongezea kitu. Upasuaji una nafasi yake, kwa mtu ambaye miguu inazidi kuisha nguvu au mgongo unaporomoka, na kwa hilo tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kisheria mwaka 1996. Lakini wengi hawahitaji kisu.

Na vidonge vyenyewe? Mwaka 1970 yalianza majaribio ya kufupisha tiba ya kifua kikuu cha mapafu kutoka miezi 18 hadi 6. Yalifanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1972. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma pamoja na daktari Karel Styblo, na mfumo uliojengwa humu nchini ukawa msingi wa ule ambao Shirika la Afya Duniani liliupeleka kwingine katika miaka ya 1990. Miili ya watu wetu ndiyo iliyoifundisha dunia kutibu kifua kikuu kwa vidonge, kijijini, mgonjwa akiwa anatembea. Halafu mtu wa Uchindile anakuja kupooza kwa ugonjwa huo huo, karibu na zahanati ambayo ingeweza kumgawia dawa zake bila malipo. Dawa ni bure; kujua kwamba unazihitaji ndiko kunakouzwa. Eksirei ni pesa, CT-scan ni pesa, nauli ni pesa, na siku za kusubiri treni isiyokuja kila siku ni pesa ya mtu anayelipwa kwa kutwa.

Najua nitakachoambiwa, na wanaosema si wajinga. Watu wengi wanaoumwa mgongo hawana bakteria yoyote. Wana kazi ngumu na magodoro mabovu. Mtabibu mmoja mwenye foleni ya wagonjwa hawezi kumtuma kila mkulima MRI. Na taifa lenye malaria na vifo vya uzazi lazima lichague. Yote hayo ni kweli. Ila hakuna anayeomba MRI kwa kila mgongo.

Sikiliza jinsi mjomba alivyogunduliwa. Aliamka usiku kwenda kujisaidia, miguu ikakataa, akaanguka uani. Binamu zangu wakambeba kwenye ubao hadi kituoni, treni ikawashusha Mlimba, gari likawafikisha Ifakara. Katika hospitali moja pale daktari kijana alimwambia, "Mzee, samahani, vua shati." Akaanza kupitisha kidole gumba juu ya pingili moja baada ya nyingine, akibonyeza. Katikati ya mgongo mjomba alipiga kelele, na hapo hapo palikuwa na kinundu kidogo ambacho bibi, aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto kila jioni, alikuwa amekiona miezi kadhaa nyuma. Yaliyofuata, picha, sindano ya kutoa usaha, GeneXpert iliyopima usaha badala ya makohozi, yalithibitisha tu kile ambacho kidole kilishasema. Mjomba aliniambia baadaye kwamba mwaka ule alikuwa ameonana na watoa huduma sita, na huyo ndiye wa kwanza aliyemwambia avue shati.

Ninachodai, basi, ni shati. Mgongo unaouma zaidi ya wiki sita uvuliwe na ubonyezwe. Maswali manne yaulizwe: Unauma hata ukilala? Umepungua mwili au unatoka jasho usiku? Miguu ina ganzi au udhaifu? Nyumbani kuna aliyeugua kifua kikuu, au mnakunywa maziwa mabichi? Kuna kile kipimo cha zamani cha damu iliyosimamishwa kwenye mrija mwembamba kwa saa moja, ili kuona chembe nyekundu zinatuama kwa kasi gani. Hakitaji jina la ugonjwa, lakini kikipanda sana kinamwambia mtabibu asiseme "mbao". Yeyote atakayejibu vibaya, na hasa mwenye miguu dhaifu, apewe rufaa siku hiyo hiyo, na nauli yake ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba kama zilivyo dawa. Na kwenye mabango ya kikohozi iongezwe sentensi moja kuhusu mgongo.

Hilo si jambo kubwa kwa bonde hili. Ifakara ina utafiti ulioanza katika miaka ya 1950 na maabara ya Rudolf Geigy kutoka Uswisi, na hapo ndipo dunia ilipojifunza mengi kuhusu vyandarua na chanjo za malaria. Bonde lililojua kuhesabu mbu mmoja mmoja haliwezi kushindwa kuhesabu migongo.

Wasomi wenzangu, tuna dhambi yetu. Sisi ndio "madaktari" wa familia hata tukisomea uhasibu. Simu zinatufikia sisi kwanza, na sisi hutuma elfu ishirini ili mazungumzo yaishe. Krismasi ukirudi nyumbani, mwangalie anayekaa kitini kwa kujishikilia, anayeokota kijiko kwa kupiga magoti kwa sababu hawezi kuinama. Muulize usiku analalaje.

Mjomba alimaliza miezi 12 ya dawa. Bakteria wameisha. Kibyongo kimebaki, na miguu imerudi kiasi cha kutembea na fimbo. Mbao habebi tena. Anauza ndizi na karanga kituoni siku za treni. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikaa na bibi, nikamweleza kwamba ile karatasi kwenye Biblia haisemi uti, inasema yutiai, na kwamba daktari yule hakuwa amejua kitu. Aliikunjua, akaisoma tena kwa sauti, taratibu, kwa Kiswahili.

"Basi," akasema, "mwambieni ajifunze kusoma alichoandika mwenyewe."